Kutoka Tukuyu Hadi Sinia ya Walima: Taka Zetu Anazibeba Nani?



Ramadhani ikishapita na Mfungo Mosi ukaingia, visiwa vyetu havilali. Kila wiki kuna kadi, kila Ijumaa kuna nikahi, kila jioni kuna nyumba inayonukia udi na hina. Tunaulizana kuhusu sare, mpambaji, mpishi, ukumbi na keki. Tunaulizana hata rangi ya vitambaa vya viti. Lakini swali moja hatuliulizi: asubuhi ya pili, watu wakishaondoka na biharusi keshakwenda kwa mumewe, ule mlima wa taka uliobaki nyuma ya ukumbi unakwenda wapi, na nani ataishi nao?

Leo tunauliza. Na tutaanzia mbali, Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Tunajua baadhi yenu mtasema, sisi na Tukuyu wapi na wapi? Subirini kidogo, mtaona kwamba Tukuyu imo ndani ya sinia zetu.

Mchele wa Mbeya unatoka wapi

Mwenye kupika pilau ya harusi akataka isifiwe hanunui mapembe. Anakwenda dukani kuuliza mchele wa Mbeya. Muuzaji akiwa mkweli atakwambia kwamba ule wenye harufu nzuri kuliko yote ni wa Kyela. Basi Kyela ni tambarare iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na juu yake, kama mtu aliyesimama ghorofani akitazama uwani, ipo Rungwe.

Tukuyu ndiyo makao makuu ya wilaya ya Rungwe, kilomita zipatazo 70 kutoka Mbeya mjini, kwenye barabara inayoteremka kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Ni nchi ya baridi, ya migomba, chai, mbatata, maparachichi na maziwa. Mlima Rungwe, ambao zamani ulikuwa volkano, una urefu wa zaidi ya mita 2,900, na udongo wake ni ule mweusi wa majivu ya volkano ambao ukichomeka kijiti kinaota. Mvua nayo haina mchezo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita zote Tanzania.

Mvua hiyo yote lazima iende mahali, na maji hufuata mkondo. Mto Kiwira unapita chini ya lile jiwe maarufu liitwalo Daraja la Mungu, ukateremka hadi Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Mto Mbaka nao unateremka huko huko. Kila kinachoachwa ovyo kwenye miteremko ya Rungwe, kiwe mfuko, chupa, betri ya tochi, nepi ya mtoto au kopo tupu la dawa ya kupulizia mbatata, mvua ikinyesha kinaanza safari. Kitapita kwenye mitaro, kitaingia mtoni, kitashukia kwenye majaruba ya mpunga. Kisichonasa huko kitaingia ziwani, ziwa lenye aina nyingi za samaki kuliko ziwa jengine lolote duniani.

Hatusemi kwamba punje ya mchele wa Kyela ina sumu, na asitulishe mtu maneno. Tunachosema ni kwamba anayetupa taka Tukuyu hamwoni mkulima wa Kyela, na sisi tunaokula mchele hatumwoni yeyote kati ya wawili hao. Kutokuonana huko ndiko kunakotufanya wote tulale usingizi.

Nchi iliyosifiwa kwa usafi

Msidhani kwamba watu wa Rungwe walizaliwa na uchafu. Historia inasema kinyume, na inatuhusu na sisi.

Mwaka 1879 kijana wa Kiskochi aitwaye Joseph Thomson alisafiri hadi Ziwa Nyasa kwa msafara ambao wapagazi wake waliajiriwa hapa Unguja. Alipofika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa ziwa, alishangaa. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1881 aliieleza migomba iliyojaa mikungu, na chini yake uwanja uliotandazwa vizuri, usio na magugu, takataka wala chochote cha kuchukiza macho. Watu wa kwetu waliobeba mizigo yake waliuona usafi huo kwa macho yao.

Usafi ule ulikuwa na siri yake. Kila kilichotoka jikoni kilirudi shambani. Ganda la ndizi, jivu, mavi ya ng'ombe, majani makavu, vyote vilikwenda kwenye shina la mgomba, na mgomba ukazaa tena. Mzigo ulifungwa kwa jani, ukafungwa kamba ya mgomba, na jani likitupwa lilikuwa chakula cha ardhi. Kwa nyumba kama hiyo, neno "taka" lilikuwa na maana nyengine kabisa.

Nasi tulikuwa hivyo hivyo. Pakacha la makuti, kikapu cha ukili, kata ya kifuu, fagio la njukuti, jani la mgomba la kufunikia wali. Bibi zetu walitupa jaani vitu ambavyo kuku na mvua vilivimaliza. Mkono wa kutupa ni ule ule tuliorithi. Kitu kinachotupwa ndicho kilichobadilika. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi, inakatikakatika tu ikawa vipande vidogo na vidogo zaidi, ikabaki ndani ya udongo. Inazuia maji kupenya na mizizi kupita, na ng'ombe akiila pamoja na majani, inajikusanya tumboni mwake.

Ndiyo maana mtu anayeshuka katika mji wowote wa soko Bara siku ya soko ataona rundo lile lile. Ndani yake mna mabua, maganda na majani ya kabichi, ambayo peke yake yangekuwa mbolea nzuri. Lakini yamechanganywa na chupa, vifuko, vyupa vilivyovunjika na betri. Ukishachanganya umeharibu vyote viwili. Mbolea haifai tena kwa shamba, na plastiki haifai tena kwa mnunuzi wa chupa. Linabaki rundo la kuvutia nzi na panya, halafu mtu anatia kiberiti. Moshi wa plastiki una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mama muuza ndizi aliyekaa karibu, mwanawe mgongoni.

"Hao ni Wabara"

Hapa ndipo tunapotaka kugombana kidogo, maana mapenzi ya kweli yana kuambizana.

Tunawasikia dada zetu wakirudi safari za Bara, wakisimulia masoko na mitaro kwa kubana pua. "Wenzetu hawana ustaarabu." Jamani, ustaarabu upi tunaojisifia nao? Taka za mji wetu zinapakiwa magarini na kupelekwa jaa la Kibele, wilaya ya Kati. Wewe wa Mjini unaona uwanja umefagiwa, ukasema alhamdulillah, pasafi. Kibele nako kuna watu. Wana watoto, wana visima, wana pua kama zako. Na zile taka ambazo gari halikuzichukua zinakwenda mitaroni, na mitaro yetu yote inajua njia moja tu, ya baharini. Samaki wa mchuzi wako anaishi huko.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na Bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Tulitangulia kwa miaka kumi na zaidi. Sasa mwambie mwanao akatazame ufukweni baada ya maji kutoka, ahesabu chupa. Tulipiga marufuku mfuko wenye mikono, tukabaki na kila kitu chengine kilichotengenezwa kwa mali ile ile.

Juu ya mlima huko Rungwe kuna ziwa liitwalo Ngosi, limekaa ndani ya tundu la volkano ya zamani, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Hakuna mto unaotoka humo juu ya ardhi. Ukikidondosha kitu Ngosi, kimebaki Ngosi. Kisiwa ni kama Ngosi iliyogeuzwa nje ndani. Sisi ardhi imezungukwa na maji, wao maji yamezungukwa na ardhi, lakini hesabu ni moja: hakuna "huko" pa kutupia. Watu wa Tukuyu angalau wana mteremko unaowadanganya kwamba taka zimekwenda. Sisi kisiwani tunadanganywa na nini?

Twahara haiishii kizingitini

Tunajua hukumu za twahara kuliko tunavyojua namba zetu za simu. Tunajua maji yapi yanafaa na yapi hayafai, tunajua kuosha mara ngapi, tunajua namna ya kuosha zulia lililokojolewa na mtoto. Na kila mmoja wetu kafundishwa chuoni, tangu mdogo, kwamba twahara ni nusu ya imani.

Lakini hebu tulitazame jambo hili. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kwamba umma huu umepewa fadhila ya kufanyiwa ardhi yote kuwa mahali pa kusujudia na kitu cha kujitwaharishia. Ukikosa maji, unaupiga mchanga kwa viganja viwili na kupaka uso na mikono, na sala yako inasihi. Mchanga, dada! Ule ule tunaomwagia maji ya mafuta machafu, vyupa na pampasi. Ardhi tuliyopewa iwe badala ya maji ya udhu, tumeigeuza kuwa choo cha mambo tusiyoyataka.

Amekataza mtu kukidhi haja yake katika njia wanayopita watu na katika kivuli wanachopumzika, na akasema kwamba mambo hayo yanamvutia mtu laana. Haja ya mwili, ambayo jua na mvua vitaimaliza kwa siku chache, ikikatazwa namna hiyo, itakuwaje plastiki itakayokaa njiani kuliko umri wa aliyeitupa? Na akatufundisha kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni sehemu ya imani. Kukiweka je?

Tena kuna ule mfano wa wasafiri wa jahazi, uliopokewa na Bukhari, ambao sisi watu wa bahari tunaufahamu zaidi kuliko wengine. Watu walipigia kura nafasi zao, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini wakawa wakitaka maji lazima wapite kwa wa juu, wakaona bora watoboe tundu sehemu yao wasiwasumbue. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiwa, wataokoka wote. Rungwe iko juu, Kyela iko chini. Ukumbi uko mjini, jaa liko Kibele. Jahazi ni moja.

Na Mola wetu katika Suratur-Rum, aya ya 41, anatufahamisha kwamba uharibifu umeonekana barani na baharini kwa yaliyotendwa na mikono ya watu, ili waonje baadhi ya waliyoyafanya, huenda wakarejea. Tunaisoma, tunaihifadhi, tunaisikia kwa sauti nzuri za makari. Bara na bahari. Sisi tunaishi mahali ambapo viwili hivyo vinakutana.

Mtu anayesafisha nyumba yake akamwagia jirani uchafu, hajasafisha. Amehamisha. Na haki ya jirani haijali kwamba jirani ni Muislamu au la, ni wa kwetu au wa Bara. Rungwe Waislamu ni wachache, wengi wao ni Wakristo, na haki zao juu yetu kama majirani ziko pale pale.

Tuje kwenye harusi

Tupige hesabu ndogo. Harusi ya wageni mia tatu, ya kawaida kabisa siku hizi. Kila mgeni anapewa boksi la foili la biriani, kijiko cha plastiki, chupa ya maji, chupa ya soda na kifuko cha keki. Vitu vitano mara mia tatu ni vitu 1,500. Hapo hatujatia maua ya plastiki, maputo, karatasi za kung'ara, vitambaa vya meza vya kutupa, wala mifuko ya zawadi iliyoandikwa majina ya maharusi. Vitu 1,500 vilivyotumika kwa dakika ishirini, ili vikae ardhini wakati maharusi wenyewe wameshakuwa babu na bibi.

Na kuna mabaki ya chakula. Boksi limefungwa tangu saa nne asubuhi, mgeni anaonja vijiko vitatu, analifunika, analiacha chini ya kiti. Wali ule ule uliotoka majaruba ya Kyela, uliolimwa na mama aliyeinama kwenye maji kutwa, ukasafirishwa siku na siku ukavushwa bahari, unatupwa pamoja na boksi lake. Qur'ani imetuambia katika Suratul-A'raf tule na tunywe na tusifanye israfu, maana Mwenyezi Mungu hawapendi wafanyao israfu. Biharusi, unataka siku yako ya kwanza ya ndoa ianze kwa kitu ambacho Mola wako hakipendi?

Tazameni walima wa Mtume alipomuoa Bibi Safiya, radhi za Allah ziwe juu yake. Imepokewa kwamba yalitandikwa matandiko ya ngozi, ikawekwa tende, maziwa makavu na samli, Waislamu wakala. Likaisha. Ngozi ikakunjwa ikatumika siku nyengine. Ndoa gani kati ya zetu imeizidi hiyo kwa heshima?

Na sisi tulikuwa na yetu. Sinia! Watu wanne au watano wamelizunguka sinia moja la pilau, bilauri za gilasi, birika na beseni la kunawia likipitishwa na binti mwenye adabu. Sinia likirudi jikoni limebaki mfupa na karafuu mbili. Hakuna aliyeona haya kula sinia moja na jirani yake, na baraka ya kula pamoja ilikuwemo. Boksi limetutenga. Kila mtu na lake, kila mtu na takataka yake. Tumepoteza baraka na tumepata jaa.

Tunajua mtakayosema

Mtasema: masinia nani ataosha? Hili ni swali la haki, na hatulipiti kwa kicheko. Miaka yote waliokesha kuosha vyombo vya harusi ni wanawake, tena wale wasiokuwa na sauti katika ukoo, shangazi mjane, binti wa kulelewa, jirani maskini. Boksi lilipokuja, liliwapumzisha hao, na mtu akilisifu kwa hilo tunamwelewa. Lakini jawabu ya dhulma moja si dhulma ya pili. Fedha za maboksi, vijiko na chupa walipwe waosha vyombo, wawe wanaume kwa wanawake, walipwe vizuri na kabla jasho halijakauka. Na wale vijana wa kiumeni wanaomaliza kula wakakaa barazani kupiga soga, mkono wao una kasoro gani? Mtume alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake kazi. Anayetaka sunna ya wake wengi aanze na sunna ya kuosha sinia.

Mtasema: maji hayatoki. Kweli, kuna mitaa ambayo mfereji ni pambo. Basi punguzeni watu, au chukueni masinia kwa anayekodisha na kuyaosha kwake. Jani la mgomba juu ya sinia nalo linapunguza kuosha, na likimaliza linakwenda kwa mbuzi. Maji ya kunywa yaje kwa madumu makubwa na vikombe. Mwenye nia hakosi njia.

Mtasema: watu watatuita mabahili. Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Tunaharibu ardhi ya Mwenyezi Mungu kwa kuogopa mdomo wa jirani. Watu watasema ukifanya kubwa, watasema ukifanya ndogo, na hakuna hata mmoja wao atakayekuja kukulipia deni. Walima ni sunna, na Mtume alimuagiza Abdurrahman bin Auf afanye japo kwa mbuzi mmoja. Chakula cha walima kilicholaumiwa katika hadithi ni kile ambacho matajiri wanaalikwa na maskini wanaachwa. Kukosa maputo hakukulaumiwa popote.

Na mtasema: hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na hatuisamehi. Huko Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Mama muuza ndizi wa Rungwe analipa ushuru anapoleta mkungu wake sokoni. Ushuru huo si sadaka, ni malipo ya huduma, na huduma ya kwanza ya soko ni kuondoa uchafu. Kuwatoa watu kufagia Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni jambo zuri, lakini fagio la Jumamosi moja haliwezi kushinda siku nyengine zote ambazo hakuna pipa wala gari. Na kila baraza la mji, Bara na Visiwani, linajua kwamba sehemu kubwa ya taka zake ni maganda na mabaki ya chakula. Soko kuwa na shimo lake la mboji, mbali na plastiki, hakuhitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka Ulaya. Tukuyu, mahali ambapo kila mtu ana mgomba na kila mgomba una njaa ya mbolea, jambo hilo lingekuwa jepesi kuliko popote.

Tusisahau kilichotupata miaka ya 2015 na 2016, kipindupindu kilipoingia Bara na Visiwani. Rais Magufuli alizifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015, akataka siku hiyo itumike kwa usafi. Nchi nzima ilishika fagio. Iliwezekana kwa sababu tuliogopa kufa. Je, mpaka tuogope tena?

Tunachoomba

Kwa mabiharusi: siku hiyo ni yako, nawe una sauti ambayo pengine hutaipata tena. Itumie. Mwambie baba, mwambie shangazi, mwambie mpambaji: sinia, bilauri, maji ya dumu, maua ya kweli. Asumini na mawaridi yananukia, na yakinyauka yanakuwa udongo. Hata singo yako iwe ya kusaga nyumbani kwa liwa na karafuu, iliyowekwa kwenye kibakuli, badala ya vipakti kumi vya dukani.

Na ukishaingia nyumbani kwako, anza na vyombo vitatu kabla hujazoea kimoja. Ndoo ya maganda na mabaki, iende kwa kuku, mbuzi au shina la mgomba. Kikapu cha chupa na makopo, wapewe wanaokusanya, ambao wengi wao ni maskini na wanastahili kupewa kitu safi wasichambue jaani. Na pipa dogo la kilichobaki. Utashangaa jinsi hicho kilichobaki kilivyo kidogo.

Kwa mama wa watoto wachanga: mama zetu walitulea kwa mawinda, yakafuliwa, yakaanikwa juani, yakavaliwa na wadogo zetu watatu. Hatumwambii mama aliyechoka afue usiku kucha. Pampasi za usiku na za safarini zibaki, mchana nyumbani mtoto avae winda. Hapo umepunguza nusu. Na ile ya kutupa isiende mtaroni wala mtoni, na uchafu wake umwagwe chooni kwanza.

Kwa makungwi na masomo: mnawafundisha mabinti zetu usafi wa mwili mpaka kwenye kucha. Ongezeni somo moja, la kitu kinapokwenda kikitoka mlangoni.

Kwa masheikh wetu: tunawasikiliza mkitukataza israfu ya nguo na muziki wa kumbini. Tunaomba siku moja hotuba ya Ijumaa iwe juu ya jaa. Na milango ya misikiti ipate mapipa kabla ya futari za Ramadhani ijayo.

Na kwa dada zetu wachache wa Kiislamu mlioko Tukuyu, Kiwira na Kyela, wengine mmeolewa huko kutoka kwetu: salamu zetu ziwafikie. Mchele wenu tunaula katika siku zetu za furaha kubwa kabisa. Tunawadai usafi wa mito kama mnavyotudai usafi wa bahari, na hakuna upande wenye haki ya kubana pua.

Siku ya Kiyama ardhi itatoa habari zake, kama tunavyosoma katika Suratuz-Zilzal, sura fupi ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua. Itasema nani alisujudu juu yake. Itasema pia nini kilizikwa ndani yake, na nani alikizika, na kwa sherehe ya nani.

Ewe Mola, zibariki ndoa za mabinti zetu, zitie mapenzi na huruma. Tujaalie tule bila ya kuisifu israfu, tusafishe bila ya kumchafulia mwengine, na tuwaachie watoto wetu ardhi ambayo wakikosa maji wataipiga kwa viganja bila ya kuchelea. Amin.

Wabillahi tawfiq.